Kabla Hujanunua Sindano Mpya

Msomaji wa Malindi ameniandikia: santuri zake zinaanza vizuri, lakini wimbo ukikaribia kwisha kila "s" inachoma sikio. Anauliza anunue katriji gani, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano. Ndugu yangu, pesa hizo ziache mfukoni kwanza.

Fundi mmoja wa Mombasa aliniambia gramafoni yangu ni ya kutupwa. Alicheka mbele ya wateja na ada ya kuikagua akaichukua. Bado inaniuma. Niliifunga kanga nikarudi nayo kwa basi hadi Mokowe, kisha mashua, nikakaa nayo nyumbani Langoni, mtaa wetu wa Lamu, usiku baada ya usiku. Wiki iliyopita Zein l'Abdin, mwana wetu wa Lamu, aliimba barazani kwetu, udi wake safi kutoka ukingoni hadi mwisho wa santuri. Kwa katriji ile ile! Najivunia, sifichi.

Siri iko hapa. Mkono unaobeba katriji umeshikwa upande mmoja, kwa hiyo sindano hupita kwa upinde, ilhali santuri ilichongwa kwa mstari ulionyooka. Inakaa sawasawa na mfereji mahali pawili tu; kwa vipimo vinavyotumika sana, ni milimita 66 na 121 kutoka katikati. Ndani mzunguko ni mfupi na sauti zimebanana, ndiyo maana kosa dogo husikika huko kwanza.

Chapisha karatasi ya kupimia yenye nukta hizo mbili. Sawazisha mkono uelee, kisha weka uzito wa sindano kwenye santuri aliouandika mtengenezaji wa katriji, mara nyingi karibu gramu 2. Legeza kidogo skrubu mbili zinazoshika katriji, katriji isogee kwa kusukumwa na ukucha. Shusha sindano kwenye nukta, washa tochi, utazame kutoka mbele kile kijiti chembamba kinachobeba sindano. Hicho ndicho kiwe sambamba na mistari ya karatasi, maana kiwiliwili cha katriji huweza kukudanganya. Nenda nukta ya pili. Ukisogeza chochote, rudi ya kwanza, tena na tena. Kaza, kisha pima uzito upya, kwani katriji ikisogea mbele uzito hubadilika.

Taarab nyingi za zamani ziko kwenye santuri ndogo za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, ambazo hazifiki milimita 121. Kwa hizo, nukta ya ndani ndiyo ya kuhangaikia.

Vijana wenzangu, tusiuze mali za wazee wetu kwa sababu mwenye duka amesema zimekufa. Subira tunayo, mikono tunayo. Na wewe wa Malindi, nipigie picha ya sindano ikiwa kwenye 66 kabla hujakaza skrubu, nikuangalizie.