Siku Ile Hatukuitaja Bei ya Gari: Niliyojifunza Nikikodi Gari Jipya Houston

Mwaka 2019 niliingia kwenye yadi moja ya magari hapa Houston nikitafuta gari jipya la kukodi kwa mkataba wa miaka mitatu, utaratibu ambao sisi tunaoishi Marekani tumezoea kuuita lizi. Muuzaji alinikaribisha kahawa, akanivutia kiti, kisha akaniuliza swali nililoliona la kiungwana kabisa: kwa mwezi ningependa kulipa kiasi gani? Nikamjibu dola 350. Saa mbili baadaye nikatoka na funguo mkononi, malipo ya mwezi yakiwa dola 349, nikajiona mjanja. Nimelelewa Tanga na nimefanya manunuzi Kariakoo kwa miaka. Sikuwahi kununua hata kitenge bila kuuliza bei, kushangaa, kugeuka kama ninayeondoka na kuitwa tena. Lakini siku ile, kwa bidhaa ya zaidi ya dola elfu ishirini, bei ya gari haikutajwa hata mara moja, si naye wala nami. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Malipo ya mwezi ni tokeo la mambo mengine, na atakayekubali kujadiliana juu ya tokeo hilo peke yake amemwachia muuzaji uhuru wa kupanga yote yaliyo nyuma yake. Mimi nilipata dola 349 zangu, ni kweli, lakini zilipatikana kwa kuchukuliwa kianzio cha dola 3,000, kwa kupunguziwa maili ninazoruhusiwa kuendesha, na bado pakabaki nafasi ya kuchomekewa huduma ya tinti ya vioo na dawa ya kulinda rangi ambazo sikuziomba.

Nilipompigia simu mama kumweleza habari za gari jipya, aliuliza swali moja ambalo muuzaji hakulijibu na mimi sikuwa nimelifikiria: "Sasa mwanangu, hilo gari ni lako au si lako?" Si langu. Gari la mkataba wa aina hii ni mali ya kampuni ya fedha. Mkodi analipia thamani ambayo gari linapoteza akiwa nalo, analipia gharama ya fedha za mwenye gari, kitu kama riba, na mwisho wa muda analirudisha au analinunua kwa bei iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Kwa sababu si lako, huwezi kulipakia kwenye kontena na kulipeleka nyumbani, na mikataba mingi inakataza kulitumia kubeba abiria kwa malipo, jambo ambalo ndugu zetu wengi wanaotegemea kazi hiyo hulisoma wakiwa wameshatia saini.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mtu akishaijua hawezi tena kuyumbishwa. Chukua gari ambalo bei yake ya kibandikoni ni dola 30,000. Kampuni ya fedha imekadiria kwamba baada ya miezi 36 litabaki na asilimia 60 ya bei hiyo, yaani dola 18,000. Hii ndiyo thamani ya mabaki. Tuseme umejadiliana na yadi mpaka bei ikashuka kufikia dola 28,500, kisha ikaongezwa ada ya kufungua mkataba, dola 695, jumla ikawa 29,195. Ondoa 18,000, zinabaki 11,195 ambazo ni uchakavu utakaoulipia. Gawanya kwa miezi 36 upate karibu dola 311. Sehemu ya pili ni gharama ya fedha, nayo hupatikana kwa njia inayomshangaza kila anayeiona mara ya kwanza: unajumlisha ile 29,195 na ile 18,000, kisha unazidisha kwa desimali ndogo ambayo wenyewe wanaiita mani fakta. Ikiwa ni 0.0025, utapata dola 118 kwa mwezi. Jumla ni dola 429 kabla ya kodi ya serikali.

Desimali hiyo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa 0.0025 inaonekana kama si kitu. Izidishe kwa 2,400 utapata riba ya mwaka kwa makadirio: asilimia 6. Kampuni ya fedha huweka kiwango cha msingi kwa wateja wenye alama nzuri za kukopesheka, lakini yadi nyingi huruhusiwa kuongeza kidogo juu yake na faida hiyo ikabaki kwao. Katika mfano wetu, kama kiwango cha msingi kilikuwa 0.0019, nyongeza hiyo inakugharimu dola 28 kila mwezi, zaidi ya dola 1,000 kwa miaka mitatu, na wewe hukujua hata kama kuna kitu cha kujadili.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inayowalinda wakodi inamlazimisha mkodishaji kukuandikia gharama ya fedha kwa dola, pamoja na uchakavu, thamani ya mabaki, maili unazoruhusiwa na jumla ya yote utakayolipa. Haimlazimishi kukuandikia ile desimali. Kwa hiyo itafute mwenyewe: chukua gharama yote ya fedha iliyoandikwa, gawanya kwa idadi ya miezi, gawanya tena kwa jumla ya bei ya gari ndani ya mkataba (kama ile 29,195 ya mfano wetu) na thamani ya mabaki, upate desimali hiyo, kisha izidishe kwa 2,400 upate riba ya mwaka. Mimi nilifanya hivyo kwa mkataba wangu wa kwanza nikiwa mezani jikoni, mwaka wa tatu, na sikupata usingizi vizuri usiku huo.

Thamani ya mabaki haijadiliwi. Imepangwa na kampuni ya fedha na muuzaji hana mamlaka nayo, ingawa wewe unaweza kuchagua gari ambalo thamani yake haiporomoki haraka. Kinachojadiliwa ni bei ya gari, nyongeza ya yadi kwenye mani fakta, na vikorombwezo. Bei ndiyo yenye uzito. Katika mfano wetu, anayekubali bei kamili ya kibandikoni analipa karibu dola 474 kwa mwezi badala ya 429, tofauti inayozidi dola 1,600 mpaka mkataba unapoisha. Nilipokodi mara ya pili, mwaka 2024, sikwenda yadi kabisa katika hatua za mwanzo. Niliziandikia yadi tatu barua pepe inayofanana, nikataja aina ya gari, miezi 36 na maili 15,000 kwa mwaka, nikaomba niandikiwe bei baada ya punguzo, thamani ya mabaki, mani fakta na kila ada. Yadi moja ilijibu kwa kunialika kahawa. Mbili zilijibu kwa namba, nami nikaipelekea kila moja bei ya mwenzake mpaka zikafika mahali ambapo haziendi tena chini. Nilipoulizwa nataka kulipa kiasi gani kwa mwezi, nilijibu kwamba hilo tutaliona tukishamaliza bei.

Kianzio kinahitaji onyo la pekee, kwa sababu kwetu tumezoea kuamini kwamba anayetanguliza kingi anajipunguzia mzigo. Kwenye gari la kununua, kianzio kinakujengea umiliki. Kwenye gari la kukodi ni malipo ya miezi ijayo uliyoyatanguliza, na gari likiharibika kabisa au likiibiwa, bima inamlipa mwenye gari, yaani kampuni ya fedha. Wakati wa mafuriko ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, jirani yangu alikuwa amekaa miezi mitatu tu na gari la mkataba, maji yakalifika kwenye dashibodi. Bima ilililipia, pengo kati ya malipo ya bima na deni nalo likafidiwa kwa kinga iliyokuwemo ndani ya mkataba wake, hakudaiwa senti. Dola 4,000 alizotanguliza hazikurudi. Mimi sasa siweki kianzio zaidi ya malipo ya mwezi wa kwanza na ada ambazo haziepukiki, na naona ni afadhali malipo ya mwezi yawe makubwa kidogo huku fedha zangu zikikaa benki.

Kodi inatofautiana kati ya jimbo na jimbo. Majimbo mengi hutoza kodi juu ya kila malipo ya mwezi tu. Hapa Texas kodi ya asilimia 6.25 hukokotolewa juu ya bei nzima ya gari, hata kama utalitumia miaka mitatu tu, na ingawa kisheria inadaiwa kwa mkodishaji, mzigo huo huishia kwako. Kwa gari letu la dola 28,500 ni dola 1,781, karibu 49 kila mwezi ukizigawanya. Atakayelinganisha malipo yake na ya shemeji yake aliye jimbo lingine bila kukumbuka hilo atadhani ameibiwa, au atadhani amebarikiwa.

Kuhusu maili, mkataba wangu wa kwanza uliniruhusu 10,000 kwa mwaka, kwa kuwa maili chache hupandisha thamani ya mabaki na hivyo kushusha malipo hadi kwenye namba niliyoitamka mwenyewe. Houston ni mji wa kuendesha. Kutoka nyumbani kwangu mtaa wa Alief hadi hospitali ninakofanya kazi na kurudi ni kama maili 34, na mwaka 2020, wengine walipokuwa wakifanyia kazi nyumbani, mimi nilikuwa barabarani kama kawaida. Nilirudisha gari likiwa na maili 36,400 badala ya 30,000, nikadaiwa senti 20 kwa kila maili iliyozidi: dola 1,280. Piga hesabu ya safari zako za kweli, ukijumlisha za kanisani au msikitini, misiba na harusi za Dallas, kabla hujataja namba. Maili zikinunuliwa mwanzoni huwa rahisi kuliko zikidaiwa mwishoni.

Jambo jingine lisilojulikana vya kutosha ni kwamba hakuna sheria ya jumla ya Marekani inayokupa siku tatu za kubadili mawazo baada ya kutia saini kwenye yadi, na kuvunja mkataba katikati kunaweza kukugharimu karibu malipo yote yaliyobaki. Ukiambiwa kwamba ofa inakwisha jioni hii, nenda nyumbani na nakala ukaisome.

Miezi mitatu kabla ya mkataba kwisha, ipigie simu kampuni ya fedha, uliza bei ya kulinunua gari, omba likaguliwe mapema ili ujue mikwaruzo na tairi zitakazotozwa, kisha ulinganishe bei hiyo na bei ya gari kama hilo sokoni. Mwaka 2022 mimi sikufanya hata moja kati ya hayo. Thamani ya mabaki iliyoandikwa kwenye mkataba wangu ilikuwa dola 13,050. Mwaka huo magari mapya yalikuwa adimu kwa sababu viwanda vilikosa chipu, na bei za magari yaliyotumika zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Ningelinunua gari lile kwa hizo dola 13,050, hata baada ya kulipa kodi nyingine, nisingedaiwa senti moja ya maili zilizozidi wala mkwaruzo wa bampa. Badala yake nililiosha, nikalirudisha, nikalipa zile dola 1,280 pamoja na ada ya kurudisha gari ya dola 395, nikapanda basi la metro kurudi Alief.

Wiki mbili baadaye nilipita mbele ya yadi ile ile. Lilikuwa limeegeshwa mstari wa mbele, tinti niliyoilipia ikiwa bado vioo vyote, na kibandiko kilisomeka dola 19,400.