Ukianza Dragon Ball usiruke mashindano

Mimi Dragon Ball, ile katuni ya Kijapani ya mpiganaji Goku, niliianzia katikati. Niliingia Dragon Ball Z, ile ya pili, moja kwa moja kwa sababu kila mtu alikuwa anasema huko ndo kuna moto, zile episodi 153 za mwanzo za Goku mdogo nikaziacha nikijua ni za watoto. Z nikaimaliza yote, 291, na niliipenda kweli, ila kila Piccolo, aliyekuwa adui wa Goku, akitokea nilikuwa sielewi kwa nini wenzake wanamwangalia vile. Baadaye nikarudi nyuma nikaona nilichokuwa nimekosa. Kwa hiyo kama unaanza sasa hivi, au unamwanzishia mdogo wako, yale mashindano ya ngumi ya Tenkaichi Budokai usiyaruke hata kidogo.

Sheria zake mtoto anazielewa. Watu wanachujwa mpaka wanabaki nane, ukigusa chini nje ya ulingo umetoka, ukilala mpaka mwamuzi akafika kumi umetoka, ukikubali umeshindwa basi, silaha hakuna, na ukiua mtu umepoteza. Kwangu utamu wote uko hapo maana mnyonge anaweza kumtoa mwenye nguvu kwa akili tu, baadaye wakishaanza kupaa na kulipua milima hicho kitu kinapungua sana.

Anza na mashindano ya 21, episodi ya 19 mpaka 28 za ile Dragon Ball ya mwanzo. Humo steringi anashindwa, na hili nakuambia makusudi kwa sababu hata ukijua bado litakuuma. Fainali ni Goku na mzee anaitwa Jackie Chun, kumbe ni mwalimu wake mwenyewe, Roshi, amejibadilisha, wanapigana mpaka Goku anageuka sokwe mkubwa na mzee analipua mwezi ili amrudishe, halafu mwishoni wote hoi wanarushiana teke, wanaanguka wote wawili, na mzee ndo anawahi kusimama. Alifanya yote hayo ili wanafunzi wake wasije wakajiona wamefika. Niliisimamisha pale nikakaa kimya kidogo, nikamkumbuka mwalimu wangu wa darasa la saba.

Na tafadhali usiruke mapambano ya watu "wadogo". Yupo jamaa anaitwa Nam, kijijini kwao kuna ukame, amekuja kutafuta hela ya zawadi akanunue maji. Anatolewa na Goku nusu fainali, hela hapati, lakini Jackie Chun alikuwa ameshajua shida yake, anamwambia mjini maji hayauzwi, anampa kapsuli, kidude kidogo cha kubebea mzigo mkubwa, nenda kateke. Mtu ambaye kwao wanaamkia foleni ya ndoo hiyo sehemu itamshika pabaya. Ukiangalia klipu za ngumi tu hutakaa umjue Nam.

Ya 22 ndo bora kuliko zote kwa maoni yangu, kwa sababu ya Tien Shinhan, anaingia na roho mbaya, anamvunja Yamcha, rafiki wa Goku, mguu, halafu unamwona anabadilika pambano kwa pambano humo humo ulingoni. Ya 23 iangalie mara tu baada ya kumaliza habari za Piccolo mkubwa, baba wa yule Piccolo wa kwenye Z, usiache pengo la miezi, utapoteza uzito wake.

Yale mashindano ya Dragon Ball Super, ya baadaye, ya ulimwengu nane, wapiganaji 80, hiyo ushauri wangu ni tofauti. Pambano la dakika 48 limetandazwa kwenye episodi kama 35, ukila moja moja utachoka na utasahau nani katoka, kwa hiyo weka bando la kutosha, tafuta wikiendi, piga tano tano.

Dogo wangu sasa hivi yuko nusu fainali ya 22, Jackie Chun na Tien, jana kaniuliza mara tatu nani anachukua. Simwambii.