Mzee wa Parkinson akishikwa na hofu, ulizeni saa ya dawa kwanza

Karibuni Moshi, wauguzi wapya. Wengi wenu mtahudumia wazee majumbani, kuanzia Majengo hadi migombani kule Machame, na baadhi yao wana Parkinson. Mzee akianza kuhangaika, msikimbilie kidonge cha usingizi kabla hamjauliza levodopa, dawa yake ya Parkinson, ameimeza saa ngapi.

Ugonjwa huu hupunguza dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, ambayo levodopa huirudisha, na hofu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, wala si deko la uzeeni. Miaka ikienda, nguvu ya dozi moja huisha kabla dozi nyingine haijafika. Hapo mwili unakakamaa, moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, anasema anakufa. Bibi mmoja niliyemhudumia alishikwa hivyo karibu kila siku kuelekea saa nane mchana, na mwanawe alikuwa ameshamnunulia diazepamu, kidonge cha kutuliza na kulaza. Tukaanzisha daftari: saa ya dawa, saa ya kula, saa ya hofu, saa ya kusinzia. Haikuchukua muda kuona kwamba hofu inakuja dozi ya asubuhi inapokwisha, na inazidi siku anazomeza dawa pamoja na mtori wenye nyama nyingi, kwa kuwa protini hugombea njia na levodopa. Daktari akapanga upya saa, dawa ikawa inamezwa nusu saa kabla ya chakula. Mchana wake ukatulia sana.

Diazepamu kwa mzee naiogopa. Kwa kijana, nusu yake hutoka mwilini kwa siku moja au mbili. Kwa mtu wa miaka 80 inaweza kupita siku tatu. Kidonge cha Jumatatu bado kinamlegeza Jumatano, na cha Jumanne kimo juu yake. Anaanguka na kuvunjika nyonga, au uji unapalia na kuingia mapafuni. Ulizeni na habari ya mbege, kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Shikamoo babu. Jana jioni ulipata kata ngapi?" Pombe na diazepamu vikikutana, pumzi inaweza kukatika. Hata hivyo, aliyeitumia kwa miezi msimkatishe ghafla, anaweza kupata degedege. Daktari ndiye ataipunguza kidogo kidogo.

Wodini usiku, mzee akipiga kelele, mtu atataja haloperidoli, dawa ya kutuliza aliyechanganyikiwa. Kataeni, mwiteni daktari. Inaziba dopamini hiyo hiyo tunayoihangaikia. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika ni vivyo hivyo, na promethazini pia haimfai. Andikeni katazo hili juu ya faili kwa herufi kubwa.

Akianza kusinzia kupita kawaida, msiseme ni uzee. Mpimeni presha akiwa amelala, kisha amesimama. Pimeni joto, sukari na mkojo, ulizeni choo. Halafu mwombeni awaoneshe mfuko wote wa dawa, pamoja na zile alizopewa na jirani.

Daktari akimwanzishia sertralini, dawa ya hofu na sonona, nafuu huchukua wiki kadhaa. Waambieni watoto wake siku ileile, maana wakiona wiki ya pili imefika na mama bado ana hofu, watarudi duka la dawa kununua diazepamu.