Muulize Mjomba: Theluji juu ya ngazi za umeme

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba niliwahi kupiga deki kwenye jumba la maduka huko Ohio, jumba ambalo leo halipo. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika. Nimechagua nne, mbili nyingine zilikuwa za kuniomba nauli, nazo nimezijibu kwa kimya.

*Shikamoo Mjomba. Nina miaka 19, naishi Columbus, Ohio. Tulihamia huku kutoka Nairobi nikiwa na miaka sita. Kila Jumamosi mama alitupeleka kwenye jumba la maduka karibu na kwetu, ananunua mkate mmoja wa mdalasini tunagawana watatu. Sasa jumba limefungwa na milango imepigiwa mbao. Marafiki zangu wamegundua upenyo upande wa nyuma, pale malori yalipokuwa yakishusha mizigo, na wanataka tuingie usiku tupige video. Mama amesema nikiingia huko nisirudi kwake. Ni hatari kweli, au ni woga wa wazazi? Tena mbona nikipita pale nasikia uchungu kama nimefiwa? (Binti wa Columbus)*

Marahaba, mpwa wangu. Nianze na mama, kwa sababu ana haki kuliko anavyojua mwenyewe.

Kwa sheria za Ohio, kuingia kwenye mali ya mtu bila ruhusa ni kosa dogo: kifungo kisichozidi siku 30, faini isiyozidi dola 250. Wenzako waliozaliwa huko watalipa, watacheka, yatapita. Wewe, kama bado hujapata uraia, kuna siku utakaa mezani na fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia wa Marekani, na ndani yake kuna swali kama umewahi kukamatwa. Hapo utamkumbuka mama, na mkate wa mdalasini pia.

Na hatari ipo. Majumba yale yana paa bapa. Theluji inalala juu, ikiyeyuka maji yanatafuta pa kutokea. Tulikuwa na mzee mmoja kazini ambaye kila vuli, majani yakianza kudondoka, alipanda paani na ndoo yake kuzibua mabomba ya maji ya mvua. Hakuna mteja aliyewahi kumwona. Siku mzee wa namna hiyo anapoachishwa kazi ili kubana matumizi, jumba limeshaanza kufa, hata kama chini muziki bado unalia. Huko Elliot Lake, Ontario, nchini Kanada, jumba la maduka lililokuwa wazi na lenye watu ndani liliporomoka Juni 2012 likaua wanawake wawili. Magari yaliegeshwa juu ya paa, maji yenye chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani yakavuja kwa zaidi ya miaka 30, vyuma vikaliwa na kutu hadi kiungo kimoja kikaachia. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa chumvi inavyokula chuma. Sasa fikiria lile ambalo halina hata mtu wa kuweka ndoo chini ya tone.

Ongeza wezi wa nyaya za shaba, ambao hung'oa vifuniko na kuacha mashimo wazi gizani. Ongeza kuvu ukutani, na asbesto iliyotumiwa sana kwenye sakafu na mabomba ya majengo ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo haina neno mpaka ivunjike iwe vumbi. Kama hamu imekuzidi, piga picha ukiwa nje, mchana, barabarani.

Kuhusu ule uchungu, nitasimulia kidogo.

Nilifika Cleveland Januari 1992 na koti la kuazima. Ndani ya wiki mbili nikapata zamu ya usiku Randall Park Mall, kwenye kijiji kiitwacho North Randall. Nasema kijiji kwa maana yake hasa: watu kama 1,000, hawajazi hata pembe moja ya Majengo. Lakini jumba lao, lililojengwa na Edward J. DeBartolo na kufunguliwa Agosti 1976, lilikuwa na futi za mraba zaidi ya milioni mbili na maduka yapata 200, na lilipofunguliwa lilitangazwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Usiku wa kwanza msimamizi alinipa mopu na kuninyooshea kidole upande ambao sikuuona mwisho wake.

Saa tatu usiku vyuma vya milango vilishuka kimoja baada ya kingine, krrr, krrr, kama mtu anapasua kanga ndefu. Halafu muziki ukazimwa, na hapo ndipo nilipotambua kuwa kumbe siku nzima ulikuwa ukilia. Harufu zilibaki: bisi zenye siagi, ngozi ya viatu vipya, manukato yaliyochanganyika. Kazi niliyoipenda ilikuwa chemchemi. Tuliifunga, tukatoa maji, tukafagia sarafu kwa brashi ngumu. Watu walikuwa wametupa senti wakiomba mambo yao. Nilikuta siku moja pete ya ndoa. Nikaipeleka kwa walinzi, na hakuna aliyekuja kuiulizia.

Alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, mlango mmoja ulifunguliwa kwa ajili ya wazee. Nje theluji magotini, ndani wanatembea na raba zao nyeupe, raundi kwa raundi. Alikuwapo bibi mmoja mwenye asili ya Poland aliyebeba maharage kwenye mfuko wa kushoto wa koti. Kila raundi alihamisha moja mfuko wa kulia. Yakiisha, amemaliza; anakaa benchi, anavua kofia, anatazama mimea ya plastiki. Wiki ya tatu aliniletea glavu bila kuniuliza jina. Sikumbuki kumwona akinunua hata pipi.

Kwetu mtu akitaka kukaa pasipo kununua kitu ana baraza. Anaketi nje ya nyumba, ya mwenziwe hata, kahawa inapita, salamu zinapita, na hakuna wa kumwambia ondoka. Mahali pa baridi ile, ambapo nyumba na nyumba zimetengwa na barabara ya magari, baraza lenye paa na joto lilikuwa lile. Mlipogawana mkate mmoja watatu mlikuwa mmekaa barazani. Hilo ndilo lililofungwa mbao, mpwa wangu, na una haki ya kulilia. Ila lilie ukiwa nje.

*Mjomba, hujambo? Mimi ni mwalimu wa somo la biashara, Eldoret. Wanafunzi wangu wote wanaamini Amazon ndiyo iliyoua majumba ya maduka ya Marekani. Niwaambie nini? (Mwalimu)*

Sijambo, mwalimu. Waambie kwamba mrithi wa marehemu si lazima awe ndiye aliyemuua.

Dixie Square, jumba la Harvey karibu na Chicago, lilifunguliwa 1966 na kufungwa Novemba 1978. Jeff Bezos, mwanzilishi wa duka hilo la mtandaoni la Amazon, wakati huo alikuwa mvulana wa miaka 14. Jumba lilikaa tupu zaidi ya miaka 30, wacheza filamu wakalikodi 1979 ili wayagonge magari ndani yake, na halikubomolewa lote mpaka 2012. Kilichotokea ni kwamba walijenga mno. Mwaka 1954 sheria ya kodi ya Marekani iliwaruhusu wenye majengo kuhesabu uchakavu kwa kasi, yaani jengo jipya kabisa likaonekana vitabuni kama linakwisha thamani haraka, na kodi ikapungua. Kujenga kukawa na faida hata pale ambapo wateja walikuwa haba. Kila mtaa mpya ukataka jumba lake, na kila jumba jipya lilinyonya wateja wa lile lililojengwa miaka kumi kabla, kilomita chache tu kutoka hapo.

Sehemu nyingine ya hesabu, ambayo wanafunzi wako wataipenda, ni nanga. Pembeni mwa jumba huwekwa maduka makubwa kama Sears na JCPenney. Hayo ndiyo yanayovuta watu, kwa hiyo hulipa pango dogo, au humiliki kabisa kipande chao. Wanaobeba pango zito ni wauza viatu na wauza saa walio katikati, wanaoishi kwa wapita njia. Sasa mikataba mingi ya hao wadogo ina kipengele: nanga ikiondoka, mpangaji anaweza kulipa pungufu au kuhama. Kwa hiyo duka moja likifunga, mapato ya mwenye jumba yanaanguka yote kwa pamoja, anapunguza taa, anapunguza walinzi, anamwachisha kazi yule mzee wa paani, na nanga ya pili ikiona giza inaondoka nayo. Huku kwetu tulionja kipande cha jambo hilo mwaka 2017, rafu za Nakumatt zilipobaki tupu na wenye maduka madogo jirani wakawa wanahesabu nzi. Bahati yetu ni kwamba nafasi nyingi zilipata Naivas au Carrefour wa kuziingia. Sears ilipoomba ulinzi wa mufilisi Oktoba 2018, na JCPenney Mei 2020, mara nyingi hapakuwa na wa kuingia.

Intaneti iliwakuta wagonjwa tayari. Lakini urithi imechukua. Randall Park lilifungwa 2009. Niliporudi 2015 kumtembelea dada yangu nikakuta matingatinga yamo kazini, na pale nilipofagia sarafu pana ghala la Amazon tangu 2018. Rolling Acres la Akron, lililofunguliwa 1975 na kufungwa 2008, ndilo lile ambalo picha zake zilizunguka dunia: vioo vya paa vimevunjika, theluji imeanguka ndani ikafunika ngazi za umeme, vidato vyeupe vinapanda kwenda kusiko na mtu. Hapo pia ni ghala la Amazon. Na Euclid Square, hali kadhalika. Majumba matatu ya kaskazini mwa Ohio, mrithi mmoja.

*Mjomba, mimi huwa nakusoma lakini leo umenikera. Hayo yalikuwa mashine za kuwafanya watu wanunue wasichohitaji. Yamekufa, alhamdulillahi. Unayalilia ya nini? (Msomaji, Tanga)*

Ndugu yangu, una mwenzako mkubwa. Victor Gruen, msanifu majengo aliyezaliwa Vienna 1903 na kuwakimbia Wanazi 1938, ndiye aliyejenga Southdale huko Edina, Minnesota, mwaka 1956: jumba la kwanza la aina hii lililofunikwa lote na kudhibitiwa joto na baridi. Alitaka viwanja vya mji wa kwao, watu wakae, wakutane, na pembeni kuwe na shule na zahanati na nyumba. Wenye fedha wakachukua maduka na maegesho, mengine wakayaacha. Alirudi Vienna, na uzeeni akayakana hadharani majumba yaliyonakili kazi yake, akisema hatalipia matunzo ya watoto haramu. Wakati huo lilikuwa limeshajengwa moja kubwa kusini mwa jiji lake hilohilo.

Nami sikusahau. Nilikuwa mtu wa basi. Desemba 1995 huko Buffalo, binti wa miaka 17, Cynthia Wiggins, aligongwa na lori akivuka barabara kuu yenye njia saba kwenda kibaruani kwenye jumba la maduka, na akafa wiki chache baadaye. Mabasi ya watalii yaliruhusiwa kuingia kwenye eneo la jumba. Basi namba 6, lililotoka mitaa ya Weusi, halikuruhusiwa. Habari hiyo tuliisoma kwenye gazeti moja tulilopitishiana chumba cha mopu, na usiku ule hakuna aliyefanya mzaha. Baraza lile lilikuwa na mwenyewe, naye ndiye aliyeamua nani ashukie mlangoni.

Lakini kuniambia nisimkumbuke bibi wa maharage, hapo hunipati.

*Salaam Mjomba. Swali fupi: ulihifadhi kitu chochote kutoka huko? (Jirani yako wa Kuze)*

Waalaikum salaam. Kile kipangusio cha vioo chenye mpini wa shaba unachoniazima kila kabla ya Idi. Raba yake nimebadilisha mara nne. Kirudishe.