Chumvi haimtapishi krofishi

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, naishi Houston. Mwezi Mei binti yetu anamaliza shule na nimewaahidi wageni krofishi, wale kamba wa mito na mabwawa wenye makucha, magunia mawili. Mwaka jana nilijaribu, nikaaibika: midomo iliwaka pilipili lakini nyama ya mkiani haikuwa na ladha yoyote. Jirani mmoja, mtu wa Lafayette, Louisiana, anasema niwaache walowe kwenye maji ya viungo baada ya kuzima moto. Mwingine wa hapa hapa Texas anasema wakishaiva niwamwage kwenye kasha la barafu lililo tupu, ninyunyize viungo vikavu, nifunike na kutikisa. Wote wawili wanakubaliana kwamba kwanza niwaloweke nusu saa kwenye chumvi watapike uchafu. Mke wangu naye anasema tuwatupe wote wenye mkia ulionyooka, na kwamba ndimu nyingi itaua vijidudu. Nimsikilize nani?

JIBU: Kaka yangu, kwenye ladha msikilize mtu wa Lafayette. Kwenye chumvi usimsikilize yeyote, na kuhusu kasha la barafu nina neno zito huko chini, kwa hiyo usiishie kwenye mapishi ukaenda zako.

Tuanze na ladha, maana hiyo ni rahisi. Krofishi havuti viungo wakati maji yanatokota, huvuta wakati yanapoa. Moto ukiwa mkali, hewa iliyonaswa kichwani na chini ya gamba hutanuka, ndiyo maana wanaelea. Ukizima moto, hewa ile husinyaa na nafasi yake huchukuliwa na maji yenye pilipili na kitunguu saumu. Simama pale kwenye sufuria utaona mwenyewe: waliokuwa wamejazana juu wanaanza kuzama, kwanza mmoja mmoja, halafu kundi zima. Waliozama ndio waliokunywa. Mwaka jana, nina hakika, uliwatoa wakiwa bado wanaelea.

Kwa hiyo maji yachemke na viungo vyote ndani, chumvi ikiwemo. Watie krofishi, subiri maji yatokote tena, na hapo ndipo uanze kuhesabu dakika 3 hadi 5. Zima. Mwagia sufuria maji ya bomba kwa nje, au tupia ndani mahindi yaliyogandishwa, joto lishuke. Waache dakika 20 hadi 30 na uonje mmoja kila baada ya dakika kumi. Wanaotaka makali zaidi waache zaidi. Ukiendelea kuchemsha eti viungo viingie, nyama itang'ang'ania gamba na wageni watakula vidole vyao. Na usilazimishe gunia zima, paundi 30 hadi 35, kwenye sufuria ndogo: maji yatachukua muda mrefu mno kurudi kutokota, na wa chini watakuwa wameharibika kabla wa juu hawajaiva.

Kuhusu viungo vyenyewe, vifuko vya dukani vinatosha. Ukifungua kimoja utakuta haradali, giligilani, pilipili, shibiti na jani la bei, vitu ambavyo mpishi wa pwani ya kwetu hashangai kuviona. Ongeza ndimu, vitunguu, na kitunguu saumu kwa vichwa vizima, si kwa punje.

Wasweden, ambao kila Agosti wana karamu zao za krofishi, hawatumii pilipili hata chembe. Wao huchemsha kwa chumvi na shibiti iliyokwisha kutoa maua, kisha humwacha krofishi ndani ya maji yale yale, kwenye baridi, hadi kesho yake. Ladha ni nyingine kabisa lakini kanuni ni ile ile: apoe ndani ya maji yake. Wavietnamu wa Houston, ambao jamaa zao walianza kufika pwani hii baada ya vita kuisha mwaka 1975, walifuata njia ya tatu. Wanachemsha kama watu wa Louisiana, halafu wanamgaragaza krofishi kwenye siagi iliyokaangwa kitunguu saumu mpaka anang'aa. Nenda Bellaire Boulevard msimu huu ukaonje kabla ya sherehe. Mchuzi ule hubaki nje ya gamba, ni kweli, lakini ni mchuzi: unafuata kidole, unafuata nyama, unaishia mdomoni. Unga mkavu wa jirani yako wa Texas hukaa juu ya gamba, na gamba haliliwi. Kama uliunyunyiza mwaka jana, ndio uliowachoma wageni wako midomo.

Sasa chumvi. Hili ndilo swali ninaloulizwa kila Februari mpaka Juni, na kila mara linakuja limevaa joho la utaalamu: weka kikombe, weka mfuko mzima, dakika kumi, nusu saa, mpaka maji yabadilike rangi. Kuna hata video ambamo mtu anaonyesha maji meusi kwa fahari, kama mganga anayeonyesha sindano aliyoitoa mguuni mwa mgonjwa. Maji yale ni tope la nje ya gamba na kwenye matamvua. Ukitumia maji matupu utapata weusi ule ule.

Kilichomo ndani ya utumbo hakitoki kwa nusu saa, kwa chumvi wala kwa dua. Krofishi hana tabia ya kutapika kwa sababu umemkera. Utumbo wake unajisafisha kwa njia moja tu, nayo ni kukaa bila chakula kwenye maji safi yanayopita, siku moja hadi mbili. Wafugaji wa Louisiana wanaouza krofishi waliosafishwa hufanya hivyo kwenye matangi maalumu, na ndiyo maana gunia lao ni ghali zaidi. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana wamelisema hili la chumvi kwa miaka mingi. Hawasikilizwi, kwa sababu babu wa kila mtu alitumia chumvi.

Ingekuwa chumvi haina faida na haina hasara ningenyamaza. Lakini huyu ni mnyama wa maji yasiyo na chumvi. Umemtoa kwenye shamba la mpunga, amesafiri kwenye gunia, amechoka, halafu unamzamisha kwenye beseni la chumvi lililotuama, na wenzake elfu moja wakigombania hewa ile ile. Wadhaifu hufa humo. Na krofishi aliyekufa haharibiki polepole kama samaki: vimeng'enyo vya lile ini lake la manjano kichwani, lile ambalo wenyeji huliita mafuta na kulifyonza kwa raha, huanza kuimeng'enya nyama ya mkia mara moja. Matokeo yake ni nyama laini kama uji. Halafu mwenye sherehe analalamika kwamba muuzaji alimpa gunia baya.

Osha kwa maji matupu, mimina, osha tena, mpaka maji yawe na rangi ya chai iliyopauka. Toa majani, toa waliokwisha kufa, basi. Ule mshipa mweusi wa mgongoni mwa mkia utautoa mezani kwa kidole. Kabla ya hapo gunia likae kivulini, likiwa na unyevu, barafu juu yake na tundu la kutolea maji likiwa wazi. Krofishi anaweza kupumua nje ya maji matamvua yake yakiwa na unyevu, lakini kwenye dimbwi la barafu iliyoyeyuka atakosa hewa.

Mkia ulionyooka si cheti cha kifo. Sufuria ikisongamana, aliye hai hukosa nafasi ya kujikunja. Na aliyekufa muda mfupi kabla ya kuchemshwa anaweza kujikunja vizuri tu. Mwambie mama watoto atumie pua na vidole. Nyama inayonuka au inayomung'unyika itupwe, hata kama mkia umejikunja kama pete.

Ndimu ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu hapo tumetoka kwenye ladha tukaingia kwenye ugonjwa. Ndimu haiui. Pilipili haiui. Siki na bia pia haziui. Krofishi wa mito na mabwawa anaweza kubeba minyoo bapa ya mapafu, na kinachomuua mnyoo huyo ni joto. Huko Missouri, kati ya 2006 na 2010, waligunduliwa wagonjwa 9 waliopata minyoo hiyo kwa kula krofishi wabichi au wasioiva, wengi wao wakiwa kwenye matembezi ya mtoni na pombe kichwani. Walikohoa, wakapata homa, na haikuwa rahisi kutambua mara moja kinachowasumbua. Wala si habari ya Marekani peke yake: Kamerun na Nigeria wana minyoo ya jamii hiyo, inayoletwa na kaa wa mito. Nalitaja hili kwa sababu watu wa Naivasha huniandikia pia. Krofishi waliingizwa katika ziwa lile mwaka 1970 wakitokea Uganda, na asili yao ni hawa hawa wekundu wa Louisiana. Kuna vijana wanaoniambia wanawakamulia ndimu na kula papo hapo ufukweni. Acheni.

Na sasa lile kasha la barafu. Unga mkavu ningekusamehe, ni suala la ladha tu. Nisichosamehe ni kwamba kasha ambalo watu hutikisia krofishi walioiva ni lile lile lililowabeba wakiwa hai asubuhi. Limesuuzwa kwa maji ya bomba, au halikusuuzwa kabisa. Tope, kinyesi na maji ya bwawa vimo kwenye pembe na kwenye mfuniko, na juu yake unamwaga chakula chenye uvuguvugu, joto ambalo bakteria hulipenda kuliko yote.

Sisemi kwa kubuni. Mwezi Juni 2010, huko Spokane, jimbo la Washington, watu waliagiza krofishi hai, wakawachemsha vizuri, wakala, hakuna neno. Waliobaki wakarudishwa kwenye makasha yale yale waliyokuja nayo wakiwa hai, bila kuoshwa, yakawekwa kwenye baridi, na kesho yake jioni wakaliwa tena. Bakteria aitwaye Vibrio mimicus akawaangusha watu kwa kuharisha vibaya sana, wengine wakalazwa hospitalini. Waliochemsha walichemsha sawasawa. Kosa lilikuwa chombo.

Kwa hiyo nunua au azima kasha la pili na uliandike kwa kalamu ya wino mzito: WALIOIVA. Magunia mawili yatakutosha watu 15 hadi 20, kwa kipimo cha paundi 3 hadi 5 kwa kila mla krofishi, maana nyama ni kama asilimia 15 tu ya uzito. Wasiojua kumenya watakula viazi. Ukitia soseji, uliza kwanza ni za nyama gani, kwani zinazotumiwa Louisiana mara nyingi ni za nguruwe, na ikishaingia moja humo maji yote yameingiliwa. Kama una wageni Waislamu tafuta za ng'ombe. Watakaobaki wamenye usiku ule ule, kabla meza haijapanguswa, nyama iingie kwenye chombo safi na kwenye friji, na iliwe ndani ya siku mbili. Vichwa na magamba chemsha tena upate supu ya wali wa kesho.