Siku ya 366 ndio mbaya

Wewe uliyeingia wiki hii kwa grupu yetu ya kuacha pombe na tayari unauliza koini ya kutimiza mwaka mmoja bila kunywa inapeanwa lini, kaa chini kwanza. Mi ni makanika hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, malori ndio kazi yangu, na waragi, ile pombe kali ya Uganda, ilikua kazi yangu ya pili kwa miaka kumi na tatu.

Kabla ya mambo ya tarehe, kama ulikua unakunywa kila siku kuanzia asubuhi, usijifungie ndani peke yako eti utajikaza. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na wengine ikifika siku ya tatu wanaona watu ambao hawapo, wanatetemeka mpaka kitanda kinalia, na hiyo inaua. Nenda hospitali uwaambie ukweli unakunywa kiasi gani, usipunguze, sababu sisi wote huwa tunapunguza. Kampala, hospitali ya Butabika wako na wodi ya watu wa pombe na madawa.

Sasa tarehe uliyoacha. Iandike leo, mahali ambapo haipotei. Mi ya kwanza sikuandika, nilijua tu niliacha Jumatatu ya Pasaka, na Pasaka inahama. Ya 2018 ikaingia tarehe 1 Aprili, kesho yake nikaanza kutembea kifua mbele nimemaliza mwaka, mzee mmoja wa grupu akatoa kalenda akanionyesha Pasaka ya 2017 ilikua tarehe 16, kwa hivyo bado siku kumi na tano. Nilinuna kama mtoto aliyenyang'anywa mandazi. Hata AA wenyewe (Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha) wanahesabu kuzaliwa kwao kutoka 10 Juni 1935, siku ambayo Dr. Bob wa Akron kule Marekani, mmoja wa waanzilishi, alikunywa mara ya mwisho, na kitu alichokunywa ni bia ya kutuliza mikono sababu alikua anaenda kupasua mgonjwa. Mi hiyo stori huwa inanipa moyo, sijui kwa nini, labda ni sababu ya hiyo mikono.

Basi 17 Aprili ikafika na familia yangu wakafurahi kupita kiasi. Mbuzi akachinjwa, shemeji akaleta kreti mbili za bia "za wageni", watu wakaimba, mama akalia, mi nikashika soda yangu usiku mzima na sikugusa kitu. Kila mtu anafikiri nilianguka usiku huo, lakini wapi. Nilianguka kesho yake saa tisa mchana, nikiwa nakusanya chupa tupu uani, nyumba kimya, simu haipigi, na kichwani kuna sauti inasema sasa umemaliza. Mwaka nilikua nauchukulia kama mzigo wa kutoka Mombasa, ukifika Kampala unashusha unapumzika. Nikatembea mpaka kioski nikanunua ile waragi ya pakiti (wakati huo ilikua bado inauzwa, serikali ya Uganda ilipiga marufuku 2019), moja tu, na nikarudi kuacha tena tarehe 9 Mei. Wiki tatu hizo siwezi kuzieleza vizuri sababu sizikumbuki vizuri.

Nilirudi kwa grupu nikitegemea matusi. Mzee akasema hesabu inaanza sifuri, hiyo hatubishani, lakini ulichojifunza hakikuondoka. Na ni kweli, mwaka ule nilikua nimejifunza kukataa mrija wa malwa, ile pombe ya ulezi inayonywewa na maji moto, na kwa sisi huku hiyo sio kitu kidogo, watu wamezunguka chungu kimoja, ukikataa mrija ni kama umewakataa wao. Miezi ya kwanza sema tu niko na dawa. Ni uongo, najua, na sioni haya kukufundisha, ukweli utawaambia ukishapata nguvu. Fika ukiwa umeshiba, kaa karibu na njia, ondoka kabla hawajaongeza maji moto mara ya pili.

Siku hizi mwaka wangu naufanya asubuhi. Jioni ndio ilikua saa ya chupa, sasa kwa nini niipeleke sherehe huko? Saa moja asubuhi tunakaa watu watatu kwa kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), chai ya maziwa, mayai mawili kila mtu, saa mbili niko chini ya lori. Koini hatuna, zile za AA zinatoka nje na kwetu zilikua hazifiki, kwa hivyo mzee alinipa nati ya tairi la trela na kila mwaka naikwangua alama moja na msumeno. Iko mfukoni saa hii, nzito, inatoboa suruali, mke analalamika.

Na kitu kikubwa nakuomba, usipange tu ile siku, panga kesho yake. Chukua kazi nyingi hiyo siku, usibaki nyumbani peke yako, na uwe na mtu mmoja ambaye anajua. Mi tarehe 10 Mei, saa kumi na mbili asubuhi, simu inalia, ni mzee. Hasemi mengi. Anauliza kama nimeshakunywa chai, namwambia bado, anasema basi fungua mlango niko nje.