Maswali ya Wasomaji: Gimnazia ipi nchini Ucheki, na iandikwe ya ngapi?

Safu hii hujibu barua za wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaolea watoto Ucheki. Majibu yameandikwa na wahitimu wa gimnazia za huko, yaani shule za sekondari zinazoandaa wanafunzi kwa chuo kikuu.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tisa hapa Praha. Fomu ya maombi ina nafasi ya shule tatu. Nimeambiwa nisiweke shule ngumu ya kwanza, eti akiikosa atakuwa amejiharibia na hizo nyingine. Ni kweli? Na nitajuaje inayomfaa?
*Mama wa watoto watatu, Praha*

JIBU: Si kweli, mama, na tafadhali usilifuate. Tangu 2024 maombi hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao DIPSY. Kila shule huwapanga waombaji kwa alama tu, na mahali ulipoiandika shule kwenye fomu hapaongezi wala kupunguza alama hata moja. Kisha mfumo humpa mtoto shule moja: ile iliyo juu zaidi kwenye orodha yake ambayo alama zake zimetosha. Akiikosa ya kwanza, anashindania ya pili sawasawa na yule aliyeiandika ya kwanza.

Hatari iko upande wa pili. Ukiweka shule ya akiba juu na mtoto akaipata, zilizo chini yake hazimhusu tena, hata kama alama zingetosha. Baada ya tarehe 20 Februari, siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi, mpangilio haubadilishwi. Na mtu akiikataa nafasi aliyopewa mwezi Mei, hateremki kwenye shule inayofuata. Anaingia duru ya pili, kugombea nafasi zilizobaki wazi popote zilipo.

Kwa hiyo andikeni ya kwanza ile anayoitaka kweli. Ya pili iwe ile ambayo alama zake za mazoezi zinaifikia, na ya tatu iwe shule ambayo angeenda Septemba bila kinyongo. Hiyo ya tatu si lazima iwe gimnazia. Liseo (aina nyingine ya sekondari) au shule ya ufundi yenye maturita, mtihani wa kumalizia sekondari, nayo humfikisha chuo kikuu. Wanaoomba shule zenye mtihani wa kipaji, kwa mfano za sanaa, wana nafasi mbili za ziada, lakini tarehe zake ulizeni mapema.

Sasa, ipi inamfaa? Anza na vigezo vya udahili, ambavyo kila shule hulazimika kuvitangaza ifikapo tarehe 31 Januari. Mtihani wa pamoja unaotungwa na CERMAT, kituo cha serikali cha mitihani, una karatasi mbili: Kicheki dakika 60 na hisabati dakika 70, kila moja alama 50. Mtoto hupewa fursa ya kuufanya mara mbili katikati ya Aprili, na katika kila somo huchukuliwa matokeo yaliyo bora. Kwa gimnazia ya kawaida mtihani huu ni angalau asilimia 60 ya alama zote. Hizo nyingine ndipo shule zinapotofautiana: moja huhesabu alama za vyeti vya shule ya msingi, nyingine hutoa alama kwa mashindano ya masomo yaitwayo olimpiadi, nyingine ina mtihani wake yenyewe, na nyingine haijali chochote zaidi ya karatasi za CERMAT. Mtoto mwenye alama za 3 kwenye cheti lakini hodari wa mitihani (kumbuka 1 ndiyo bora na 5 ndiyo kuanguka) apelekwe kwenye shule isiyohesabu vyeti. Uamuzi huu mmoja unaweza kumsaidia kuliko miezi ya tuisheni.

Iulize pia shule mtoto wa mwisho kupokelewa mwaka uliopita alikuwa na alama ngapi. Usiichukue namba hiyo kama ahadi, kwa sababu ugumu wa mtihani hubadilika, na vigezo vikibadilika jumla ya mwaka jana haifananishwi tena na ya mwaka huu. Ipime kwa mazoezi: mitihani ya miaka iliyopita iko bure kwenye tovuti ya CERMAT. Mtoto aifanye kwa saa, bila kikokotoo, kwa sababu hakiruhusiwi. Michoro ya jiometri aichore kwa bikari na rula, kisha aipitishie kalamu ya wino. Azoee kuhamishia majibu kwenye karatasi maalumu ya majibu, maana kilichobaki kwenye kijitabu cha maswali hakisahihishwi. Wapo watoto wanaojua hesabu na wanapoteza alama hapo tu.

Siku za milango wazi, ambazo kwa Kicheki ni *den otevřených dveří*, huanza vuli na kuendelea hadi majira ya baridi. Maabara inayong'aa siku hiyo haikuambii mengi. Omba jedwali la vipindi la miaka yote minne, uone hisabati na sayansi zina vipindi vingapi na semina za hiari huanza mwaka gani. Uliza lugha ya pili ya kigeni ni zipi na kama mtoto huchagua mwenyewe au hupangiwa palipo na nafasi. Uliza wangapi huondoka mwaka wa kwanza na kwa nini. Uliza mwanafunzi aliyepata 5 katika muhula wa kwanza husaidiwaje, kisha usikilize kwa makini: shule inayojibu kwa mambo ya wazi, kama saa za msaada na mwalimu anayehusika, imeshafikiria wanafunzi wake dhaifu. Inayojibu kwamba kwao hilo halitokei, tungeiogopa. Ripoti za ukaguzi wa Česká školní inspekce ziko wazi kwa umma, zisomeni kabla ya kwenda.

Sifa ya shule mitaani mara nyingi hutokana na ugumu wa kuingia. Shule inayochagua wenye alama za juu itatoa wenye alama za juu hata ikifundisha wastani. Palipo na utaalamu wa kweli huonekana kwenye ratiba: Gymnázium Arabská ya Praha ina mkondo wa programu za kompyuta, na gimnazia ya třída Kapitána Jaroše ya Brno ina madarasa ya hisabati. Kwa mtoto asiyependa mambo hayo, sifa zake hazimfai kitu.

Mwisho, safirini naye kwa tramu asubuhi ya siku ya shule, si Jumamosi. Masomo mengi huanza saa mbili, na shule nyingine zina kipindi cha kabla ya hapo. Saa nzima kila upande kwa miaka minne ni usingizi wa mtoto mnaoukata.

SWALI: Sisi ni wa Bukavu, tunaishi Brno. Binti yetu ni darasa la saba, Kifaransa anakijua vizuri, Kicheki bado kinamsumbua. Kuna gimnazia inayoweza kumfaa?
*Baba M., Brno*

JIBU: Ipo mjini kwenu, baba. Gymnázium Matyáše Lercha ina mkondo wa Kicheki na Kifaransa wa miaka sita, unaoanza baada ya darasa la saba. Mikondo ya namna hiyo iko pia Praha kwenye Gymnázium Jana Nerudy, Olomouc kwenye Slovanské gymnázium, na Tábor. Miaka miwili ya kwanza ni Kifaransa kwa wingi, kisha baadhi ya masomo hufundishwa kwa lugha hiyo. Binti yenu ataingia akiwa mbele ya wenzake, na hilo litampa nafuu ya kushughulikia mengine.

Lakini Kifaransa hakimwondolei mtihani wa kuingia. Karatasi zote mbili ni za Kicheki, na hisabati ina mafumbo marefu ya maneno. Humo ndimo watoto wa lugha nyingine huanguka hata wakiwa wanajua kukokotoa. *Obvod* ni mzingo, *obsah* ni eneo, na mtoto akivichanganya jibu lote limekwenda. Bei ikipungua *o třetinu*, imebaki theluthi mbili; ikipungua *na třetinu*, imebaki theluthi moja. Atengeneze daftari la maneno ya namna hii, na kila zoezi alisome kwa sauti na kulieleza kwa Kiswahili au Kifaransa kabla ya kushika kalamu.

Sheria ya elimu ya Ucheki, kifungu cha 20, inaruhusu mtoto aliyepata elimu yake ya awali katika shule ya nje ya nchi kusamehewa karatasi ya Kicheki. Msamaha hauji wenyewe: ombi huambatanishwa na fomu ya maombi. Badala ya karatasi atafanyiwa mazungumzo kwa Kicheki, na asipoyapita hapokelewi. Akiyapita, analinganishwa na wengine bila alama zao za Kicheki, kwa hiyo hisabati inabeba uzito mkubwa zaidi. Kama ameshasoma miaka kadhaa Ucheki, mwoneni mkuu wa gimnazia Januari, mumwulize waziwazi kama ombi lake litakubaliwa. Msingoje Februari. Kituo cha ushauri wa kielimu na kisaikolojia, *pedagogicko-psychologická poradna*, nacho kinaweza kupendekeza alegezewe masharti ya mtihani, kwa mfano aongezewe muda. Foleni huko ni ndefu, wekeni miadi tangu vuli.

SWALI: Wa kwangu ni darasa la tano. Wazazi wenzangu wote wanakimbilia gimnazia ya miaka minane. Nimwache?
*Mama Z., Plzeň*

JIBU: Mtoto anayesoma vitabu mwenyewe na kumaliza kazi darasani kabla ya wenzake, mpeleke afanye mtihani. Anayehitaji kusukumwa kila jioni, mwache akue. Akijaribu akakosa, hapotezi kitu: anabaki shule yake ya msingi, na mlango hufunguka tena baada ya darasa la saba kwa gimnazia ya miaka sita, na baada ya la tisa kwa ile ya miaka minne. Hata akiingia na ikamshinda, anaweza kurudi shule ya msingi maadamu hajamaliza miaka tisa ya elimu ya lazima. Shule ya umma haina ada. Mnalipia chakula cha mchana, safari, na kwa kawaida kambi ya kuteleza kwenye theluji. Katika madarasa ya juu vitabu pia ni juu yenu.

SWALI: Akiugua siku ya mtihani?
*Baba K., Praha*

JIBU: Mwandikieni mara moja mkuu wa shule aliyopangiwa kufanyia mtihani, mkieleza sababu na kuambatanisha cheti cha daktari. Akikubali, mtoto hufanya mtihani wa akiba mwishoni mwa Aprili, kwa ile siku aliyoikosa tu. Akiwa na homa, msimlazimishe kwenda, kwa sababu karatasi aliyokwisha kuifanya hairudiwi kwa sababu ya ugonjwa.